Mashine Iliyokuwa Sebuleni

S.L.P. 318,
Songea.
24 Mei, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Optatus,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Bombambili, na za mama kutoka Ruhuwiko. Hujambo wewe? Wifi yangu Jane hajambo? Na huyo Calvin, ambaye kwenye picha uliyotuma amechukua paji la uso la baba kama alivyoliacha, anaendeleaje na shule? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama alipata shida ya mguu lakini sasa anaukanyagia, nitakueleza huko mbele. Mimi mwenyewe siumwi kitu ila mgongo, na huo si ugonjwa, ni cherehani.

Shikamoo yako niliikuta mwishoni kabisa mwa barua, chini ya habari za joto la Gaborone. Marahaba, hata hivyo.

Barua uliyoandika Februari imenifikia wiki ya Pasaka. Nadhani ilikuwa inangoja barabara ikauke. Mwaka huu mvua imenyesha mpaka watu wamechoka kuilalamikia. Wanaiita Elinino, na hata akina bibi wasiojua herufi wanalitaja jina hilo kama la mkwe wao mkorofi. Magari ya Njombe yalikuwa yanalala njiani. Mahindi ya mabondeni yameozea shinani, ya vilimani yamepona. Kilichostawi kuliko vyote ni majani.

Mjini hapa maduka yamejaa. Ulipoondoka tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Siku hizi sabuni ni za kila rangi na kila harufu, ila mnunuzi anazitazama, anazinusa, anarudi nyumbani. Ile ofisi yetu, niliyokuwa natunza stoo kabla hawajatupunguza, imekuwa ghala la mitumba. Nilipita juzi nikaona dirisha langu limezibwa na marobota. Sikusikia uchungu. Nina cherehani, nina wateja, na bosi sina.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeuliza kama ile mashine ya kukata majani inafanya kazi, na ukasema unafikiria kututumia na pampu ya petroli ya kumwagilia bustani. Kuhusu pampu, ngoja kwanza. Kuhusu mashine nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nikijibu ndiyo nitakuwa nimekudanganya, na nikijibu hapana vilevile.

Unakumbuka uliituma mwaka tisini na tano, mwezi wa kumi. Salum, yule dereva wa lori aliyeipokea Dar es Salaam, aliishusha kwa mama ikiwa imeviringishwa blanketi. Salum ni mtu wa kupenda kuonekana kidogo. Hakutaka kuondoka kabla watu hawajajua amebeba nini. Akatia petroli mpaka tangi likajaa, akatia oili, akavuta kamba, ikaunguruma. Ruhuwiko nzima ikatoka nje. Akaanza kuisukuma kuelekea kwenye majani, na hapo mama akamwekea mkono kifuani na kumwambia azime.

Barua yako ilikuwa imefungwa kwenye mpini na mama alikuwa ameshasomewa. Uliandika hivi: "Ni ya kufyekea kaburi la baba na uwanja. Msiiguse, nitakuja Krismasi niwaonyeshe." Hukusema Krismasi ya mwaka gani.

Mama alilishika neno lako kama lilivyo. Hujasahau desturi ya nyumbani: mahindi mabichi hayachomwi wala hayachemshwi mpaka mwenye shamba alimbue. Mtoto akilia, na alie, atangoja. Kwa mama mashine ilikuwa hivyohivyo. Aliyeitoa ndiye wa kuilimbua, tena kwenye kaburi la baba yake, si kwenye majani ya uani. Basi akaiingiza sebuleni, akaiweka kati ya kabati la vyombo na kile kiti cha baba, akaifunika kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile chenye tausi wawili.

Ikakaa hapo. Mgeni akiingia anakaribishwa kiti, anapewa chai, halafu kitambaa kinafunuliwa aone alichotuma Optatus. Padre ameonyeshwa. Mtu wa kusoma mita ya umeme ameonyeshwa. Na kila Jumamosi, mama akishaipiga sakafu polishi, alikuwa anaipiga na mashine, kwa tambara lilelile na polishi ileile nyekundu ya kopo: tangi, mfuniko, mpini, mpaka magurudumu. Ikawa inang'aa kuliko siku iliyofika. Nyumba ikanuka petroli kidogo, na mama akasema hiyo ni harufu ya Optatus. Nikamwambia Optatus ni mwalimu wa hesabu, hanuki petroli. Hakucheka.

Krismasi ya kwanza tulipaka nyumba chokaa na jogoo akafungwa mguu tangu asubuhi. Krismasi iliyofuata jogoo alifungwa lakini chokaa hatukupaka. Hii iliyopita hakuna aliyetaja jambo lolote, tukala wali tukalala.

Siandiki haya ili kukusuta. Naandika kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa stoo: kwanza kilichoingia, halafu kilichotoka.

Kumbukumbu ya baba, kama unavyojua, ni tarehe tisa Mei. Kila mwaka mama analifyeka kaburi mwenyewe kwa slesha kabla ya padre kuja kusali. Kibarua hataki hata wa bure, anasema kaburi la mzee hufyekwa na wa nyumbani kwake. Mwaka huu majani pale chini ya mparachichi yalikuwa yamepanda mpaka msalaba hauonekani. Nikamwambia anisubiri Jumamosi nimalize sare za watoto wa watu nije nifyeke mimi. Akaitikia vizuri kabisa. Ungemjua kwa kuitikia huko kwamba hatasubiri.

Jumatano hiyo Isidori, jirani yetu mpasua mbao, alikuwa anapita njia ya nyuma akasikia mtu anaimba nyimbo za Bikira Maria ndani ya majani. Akadhani ni watoto wa kipaimara. Kumbe ni mama. Aliteleza kwenye tope, mguu ukapinda, akashindwa kuinuka. Amekaa chini pembeni ya kaburi, slesha mapajani, khanga imelowa yote, anaimba. Kupiga kelele za kuomba msaada aliona aibu, kwa hiyo akaona aimbe, mwenye masikio atakuja. Isidori akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Hospitalini Peramiho waliupiga mguu picha. Mfupa ni mzima, ila nyama za kifundo ndizo zilizoumia. Wakamfunga bandeji, wakamwambia asiende shamba. Siku aliyorudi nilimkalisha kwenye kiti cha baba, mguu juu ya kigoda, nikaenda jikoni kupika uji. Sasa, kiti cha baba kinatazamana na mashine yako. Niliporudi na bakuli nikamkuta anaitazama tu. Uji ukapoa.

"Hilda," akasema, "toa hicho kitambaa."

Nikamuuliza, na Optatus je?

"Toa kitambaa, nimesema."

Nikakitoa, nikakikunja, nikampa mkononi. Alikiweka mapajani akageukia dirishani. Nilikukasirikia siku hiyo, Optatus. Nakuambia ili ujue, si ili unijibu.

Basi, maji tumeyavulia nguo. Tukaitoa uani, mimi na Isidori. Nikavuta kamba kama nilivyomwona Salum akivuta. Kimya. Isidori akavuta kwa nguvu za mtu anayepasua mbao, kamba ikakaribia kubaki mkononi mwake. Kimya. Mama alikuwa anatutazama kutoka mlangoni. Akatuambia tusiivunje.

Isidori akasema anajua ugonjwa wake: petroli haikuchanganywa na oili. Msumeno wake wa kupasulia anautia petroli na oili kwenye dumu moja, anatikisa, ndipo unawaka. Nikamwambia asubiri, maana nilikuwa nimeshaona kijiti cha kupimia oili kwenye tumbo la mashine, na msumeno wake hauna kijiti. Hapo tulibishana kidogo. Baadaye fundi akatuamua. Injini ya msumeno haina oili yake ya ndani, kwa hiyo inaipata humohumo kwenye petroli. Hii yako ina oili yake tumboni kama gari, inataka petroli tupu. Ukiichanganyia inajaza uwanja moshi na plagi inakuwa nyeusi. Isidori alikubali, ila alisema angalau alitoa wazo.

Fundi mwenyewe ni Daimu, wa pikipiki, pale Bombambili karibu na kwangu. Nilimpelekea mashine juu ya mkokoteni. Alipofungua mfuniko wa tangi akarudisha kichwa nyuma. Ile petroli ya Salum ilikuwa bado imo, yote iliyobaki, tangu siku ile. Haikunuka petroli tena, ilinuka kama rangi ya mlango. Daimu akasema petroli ni kama togwa, ikikaa inachacha. Kwenye kabureta ilikuwa imeganda ikawa gundi ya kahawia, na vile vitundu vidogo inamopita petroli kwenda kwenye injini vilikuwa vimeziba kabisa.

Akaimwaga yote. Akafungua kabureta, akailowesha katika petroli mpya, akaisugua kwa mswaki, akavipuliza vitundu kwa pampu ya baiskeli. Nilimwona anataka kuchokoa kimoja kwa waya, halafu akaacha mwenyewe, akasema tundu likipanuka injini itakunywa petroli kama mlevi. Plagi akaifungua, ilikuwa na masizi; akaikwangua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma nikavuta kamba, cheche ikaonekana. Sifongo ya chujio la hewa tuliiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikaanikwa. Oili ya zamani akaimwaga, akatia mpya mpaka kwenye alama ya kijiti, si zaidi.

Akavuta kamba, ikawaka. Nilishangilia, sikufichi. Ikanguruma vizuri muda wa kunywa kikombe cha chai, ikaanza kukohoa, ikazima. Akafungua tangi akatazama petroli, imo. Akafunga, akavuta, ikawaka. Ikaenda kidogo, ikazima. Hivyo hivyo mchana kutwa. Mwisho Daimu akajifuta mikono, akasema kabureta imekwisha, iagizwe mpya Dar es Salaam, na ikichukua mwezi tushukuru. Daimu ni fundi mzuri na alifanya kazi yake kwa haki. Ila hapo alichoka.

Kumbukumbu ya baba ilikuwa imebaki wiki moja. Nikairudisha kwa mama na mkokoteni uleule. Akauliza. Nikamweleza. Akasema tu, basi imekufa. Kisha akaniomba nimrudishie kitambaa aifunike.

Kitambaa nilikuwa nimekichukua nikakifue, na kilikuwa kwenye begi langu, kimekauka, kimepigwa pasi. Nilimwambia kiko kwenye maji. Nisingeweza kuitazama ikifunikwa tena, safari hii kama maiti. Wewe unajua mimi si mtu wa machozi, lakini nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka uso ukatulia.

Kesho yake nikaenda mapema, nikakaa nayo peke yangu uani. Nikasema moyoni, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikawasha, ikawaka, nikaiacha. Ilipoanza kukohoa sikungoja izime, nikaufungua mfuniko wa tangi nitazame ndani. Ikafanya fyuu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Na injini ikarudia sauti yake. Nikafunga mfuniko, baada ya muda ikakohoa. Nikalegeza, ikapona. Nikajua ugonjwa si wa kabureta.

Nikauchukua ule mfuniko nikaugeuza juani. Katikati yake kuna kitundu, kidogo kuliko tundu la sindano. Ndiko tangi linakovutia hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake, isipoingia petroli inagoma kushuka. Kitundu hicho kilikuwa kimezibwa. Kilichokiziba ni chekundu, kigumu kama nta. Nilikinusa. Ni polishi ya sakafu.

Jumamosi zote zile, Optatus. Tambara lilikuwa linapita juu ya mfuniko kila wiki, na kila wiki polishi kidogo inaingia kitunduni na kukaa.

Nikachukua sindano nyembamba ya kushonea, nikakizibua, nikaosha mfuniko kwa petroli, nikafunga. Ikawaka na haikuzima mpaka nilipoizima mwenyewe. Mama akauliza kutoka ndani kulikuwa na nini. Nikamwambia uchafu. Hajui, na wewe usimwandikie. Daimu nilimwambia, akacheka mpaka akakaa chini, akasema siku moja atakuja yeye anifundishe cherehani.

Nimekuwa mtaalamu sasa, kwa hiyo vumilia nikufundishe, na panapo kosa nirekebishe. Ikiwa ya baridi, vuta kwanza choki, kile kishikio cha kuipunguzia hewa; ikishapata moto iondoe, la sivyo inakunywa petroli na kutoa moshi. Kamba usiikurupukie. Ivute polepole mpaka uhisi imegoma, ndipo uivute kwa nguvu mara moja, na uirudishe kwa mkono wako, usiiachie ijirudie yenyewe. Petroli usiongeze injini ikiwa ya moto, hata kama mtu anakuharakisha. Oili inapimwa kila unapotaka kuwasha, hata kama jana ulipima. Na kabla hujaingiza vidole chini kwenye kisu, toa waya wa plagi kwanza. Kisu hakijui kwamba umezima. Isidori alitaka kuchomoa nyasi chini yake waya ukiwa umechomekwa, nikampiga mkono na kandambili. Alikasirika, lakini vidole vyake vyote anavyo.

Jambo jingine ambalo Salum hakulisema: mashine hii haikati msitu. Majani ya mwaka huu yangeikaba mara moja. Kwa hiyo kaburini Isidori, ambaye tangu ambebe mgongoni mama anamhesabu wa nyumbani, alitangulia na slesha akayapunguza mpaka chini ya goti, tukaokota mawe, vigae na chupa moja ya pombe ya ulanzi ambayo hakuna aliyeikubali, tukaacha umande ukauke, ndipo ikawa zamu ya mashine.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya kumbukumbu. Asubuhi, mama akiwa bado anasali rozari chumbani, niliiwasha huko nyuma ikaunguruma kidogo nikaizima. Nilikuwa na sababu. Injini iliyopata moto haisumbui kuwaka, na nilikuwa nimeshahisi atakachofanya.

Na alifanya. Tulimbeba na kiti chake, kiti cha baba, tukamweka ukingoni mwa kaburi. Nikainama kushika kamba. Akasema, "Nipe mimi." Nikaisogeza mashine mpaka kwenye kiti, nikaikanyaga isisogee, nikamtegea kamba mpaka ile sehemu inayogoma. Akavuta kwa mikono miwili. Ikawaka mara moja. Alishtuka, akajishika kifua, halafu akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipofariki.

Nilisukuma mimi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, majani yanaruka upande, harufu ya majani mabichi na petroli. Msalaba ukaonekana, halafu saruji yote, halafu maua aliyoyapanda mama, ambayo niliyazunguka. Kumbe ni kazi ya muda mfupi tu. Kitu hicho kimekaa sebuleni miaka yote hiyo kwa ajili ya kazi ya muda mfupi hivyo.

Nikazima. Masikio yalikuwa bado yanavuma, kwa hiyo nadhani mama alisema kwa sauti kuliko alivyokusudia. Alikuwa ameinama kuelekea msalabani, mkono mmoja kwenye mpini wa mashine.

"Baba Hilda," akasema, "Optatus amekufyekea."

Isidori akanitazama. Mimi nikaanza kuokota majani.

Kesho yake padre alikuja akasali, baba mdogo Kajetani akaongoza nyimbo, watu wakala. Kila mtu alisifu kaburi. Mama aliwaambia wote kwamba ni wewe. Hakuna aliyembishia. Baada ya hapo nimeshakata uwanja mara mbili, na parokiani wameniomba nikakate kwao, nimewaambia nitafikiri. Mashine sasa inalala kwenye banda la kuku la zamani, mahali pakavu, na imevaa gunia. Kile kitambaa cha tausi nimekifua tena na tena, doa jekundu halitoki. Mama amekitandika kwenye kitanda cha chumba chako, doa limeelekezwa ukutani.

Kuhusu pampu, sasa utaelewa kwa nini nilisema ungoje. Usitutumie injini nyingine. Tukihitaji maji tutachota.

Baba mdogo Kajetani anakusalimu sana, na mke wake mama mdogo Otilia anamsalimu Jane na kuuliza kama amejifunza kusonga ugali wetu. Isidori anakusalimu na anasema msumeno wake mzima. Daimu hakujui lakini naye anakusalimu, kwa sababu ya mfuniko. Wabusu Calvin na mama yake kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, awape riziki na afya, na njia zenu zote ziwe na kurudi.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Baridi imeanza kuingia, na mwezi ujao majani yataacha kuota. Mashine ikiwekwa bila kazi haiwekwi na petroli. Inamwagwa, halafu injini inawashwa imalizie tone lililobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Hilo tumelijifunza kwa shida, silisahau. Nilimweleza mama kwamba mwishoni mwa Juni nitaimwaga.

Akasema nisimwage. Amesikia kwa padre kwamba shule nyingi za nchi za huko zinafunga katikati ya mwaka.

Nikamwambia, mama, petroli haimsubiri mtu. Ikikaa itachacha tena, na kabureta itaziba tena, na Daimu atatucheka. Akaugeuza mguu wake juu ya kigoda, akakitazama kile kiti cha baba kama vile kuna mtu wa kumuuliza.

"Basi mwandikie," akasema.

Nimekuandikia.

Wako nikupendaye sana,
dada yako,
Hilda.